Boksi la besi la zamani: fungua mgongo kabla ya kutaja bei

Msimu wa korosho ukianza, karakana yetu hapa Mtwara mjini huanza kuletewa vitu vya stoo. Parokia inasafisha chumba cha vyombo vya kwaya, familia inagawana mali ya mzee aliyekuwa akipiga besi, ukumbi wa dansi uliofungwa miaka mingi unageuzwa kuwa ghala. Nyuma ya viti vibovu linatokea boksi la spika za gitaa la besi, jeusi, zito, lenye kitambaa kilichochanika mbele. Anayelileta anauliza swali moja tu: fundi, hili shilingi ngapi?

Hatutaji bei kwa kutazama sura. Thamani ya boksi la besi la zamani iko ndani: ni spika gani zimefungwa, je, ndizo zilizotoka nazo kiwandani, na je, bado zinalia. Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwa kila mteja ni kwamba boksi lije kama lilivyo. Lisipakwe rangi, lisipigwe maji, wala kitambaa chake kisibadilishwe. Vumbi tutalitoa kwa brashi kavu. Rangi mpya ikishafunika alama za zamani, hatuna namna ya kuzirudisha.

Nembo ya mbele isikupe haraka. Nembo hushikiliwa na skrubu mbili tu, na nyingi zimehamishwa kutoka kwenye amplifaya zilizokufa na kufungwa kwenye maboksi ya maseremala wetu. Na maseremala hao walijua kazi yao. Yapo maboksi ya mninga yaliyotengenezwa huku Kusini ambayo hadi leo yanatoa besi nzito bila kutikisika. Yana thamani yake kwa anayetaka kuyapiga, ila si thamani ya boksi la kiwanda cha Uingereza au Marekani, na si haki kumuuzia mtu moja kwa jina la jingine.

Umbo husema zaidi ya nembo. Boksi refu lenye spika nane za inchi 10 linafuata mtindo ulioanzishwa na Ampeg ya Marekani mwaka 1969, pamoja na amplifaya yao ya SVT ya wati 300. Ndani limegawanywa vyumba vilivyozibwa, halina tundu la hewa. Boksi la spika nne za inchi 12 ni mtindo uliopata umaarufu kwa Marshall ya London, kampuni iliyoanza kutengeneza amplifaya mwaka 1962. Yako pia ya spika moja au mbili za inchi 15, na yako yale ambayo ukitazama mbele huoni spika: ni ya inchi 18, imefichwa ndani, na sauti inapita njia iliyokunjwa kabla ya kutoka. Ukiona boksi lililo wazi mgongoni, karibu kila mara hilo ni la gitaa la solo au ridhimu. Ukilichomekea besi, koni (karatasi ya spika inayotikisika) zitacheza kupita kiasi na kuharibika.

Kisha tazama mbao. Maboksi mengi mazuri ya zamani yametengenezwa kwa plaiwudi, tabaka juu ya tabaka, na kwenye kona utaona meno ya mbao yaliyoingiliana. Chipubodi, yaani ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, nayo ilitumika sana, na katika hewa yetu ya bahari huvimba chini na kumeguka kwenye skrubu. Gonga kuta zote kwa kidole. Penye sauti ya uwazi huenda mchwa wameshapita.

Sasa mgongo. Fungua skrubu ukiweka kila moja kwenye kikopo, maana zile za asili nazo ni ushahidi. Usivute kifuniko kwa nguvu, waya zinaweza kuwa zimeshikana nacho. Hapo ndipo kazi ninayoipenda inapoanza, ya kusoma fremu za spika.

Spika za Marekani hugongwa namba kwenye fremu au kwenye sumaku. Tarakimu za mwanzo ni za mtengenezaji: 137 ni CTS, 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 67 ni Eminence. Zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Kwa mfano 137-6925 ni spika ya CTS ya wiki ya 25 ya mwaka 1969. Wakati mwingine mwaka umeandikwa kwa tarakimu moja tu, kwa hiyo 8 yaweza kuwa 1958 au 1968, na hapo umbo la boksi na aina ya waya ndivyo vinavyoamua. Ukipata wiki inayozidi 53, umesoma vibaya au hiyo si namba ya tarehe. Spika za Celestion za Uingereza hutumia herufi kwa mwezi na kwa mwaka, pamoja na namba ya siku.

Usisome moja ukatosheka. Soma zote. Spika za kundi moja huachana kwa wiki chache, na boksi lenyewe huwa limefungwa baadaye kidogo. Tatu zikiwa za 1972 na moja ya 1986, hiyo moja ilibadilishwa. Si aibu, bendi zilifanya kazi usiku kucha na spika ziliungua, lakini bei lazima iseme ukweli huo.

Sumaku nayo ina habari yake, na habari hiyo inapita kwa jirani zetu. Sumaku za aina ya alniko zina kobalti ndani yake, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka mkoa wa Shaba (Katanga) huko Zaire, ambayo leo ni Kongo. Vita vya Shaba vya 1978 vilipopandisha bei ya madini hayo, viwanda vingi vilivyokuwa bado vinatumia alniko vilihamia sumaku za feraiti, zisizohitaji kobalti. Feraiti ilikuwepo tangu zamani, kwa hiyo peke yake haithibitishi umri. Lakini ukiambiwa spika ni ya miaka ya 80 na ndani kuna alniko, uliza tena.

Kuhusu afya ya spika, sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa sawasawa. Ikikwaruza, koili (waya uliosukwa nyuma ya koni) inagusa sumaku: kutu, au fremu imepinda. Ukingo wa sponji hubomoka wenyewe kwa umri na unyevu, ule wa kitambaa hudumu. Kisha mita. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme) husoma kama 6 hivi kwenye mita, kwa sababu mita inapima upinzani wa waya tu, si wa sauti inapopita. Kwenye boksi la Ampeg la spika nane, kila moja ni ya omu 32, na zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Ikifa moja, jumla inapanda hadi kama 4.6 tu, na sikio la kawaida halitambui. Ndiyo maana tunapima moja moja.

Tukishamaliza, tunamwandikia mteja karatasi yenye bei mbili, kwa sababu wanunuzi ni wa aina mbili. Kwaya au bendi ya hapa inataka boksi linalolia Jumapili na kwenye harusi. Kwake spika iliyosukwa koili upya vizuri ni bora kuliko ya asili iliyoungua. Mkusanyaji wa vitu vya zamani anataka koni ya kwanza, skrubu za kwanza, hata kitambaa kilichochanika, na kusuka koili kunampunguzia bei. Kwa hiyo usitoe spika ikasukwe kabla hujaamua unamuuzia nani.

Bei za mtandaoni zisomwe kwa uangalifu. Anachoomba muuzaji si alicholipwa, angalia zile zilizokwisha kuuzwa. Na kumbuka boksi la spika nane laweza kupita kilo 60, nauli ya kulipeleka ng'ambo inaweza kumeza faida yote. Wengine huzing'oa spika na kuuza hizo tu. Kwa spika nne zinazolingana tarehe, katika boksi lake, sishauri kabisa. Ukishazitenganisha hulipati tena.

Lipo jambo moja ambalo hatulegezi. Bendi nyingi za dansi zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi, si ya mpigaji. Ukikuta herufi zimepakwa mgongoni kwa rangi nyeupe, usizikwangue. Zinaeleza boksi lilikotoka na zinaweza kumvutia mnunuzi, na pia zinatulazimu kuuliza limekufikiaje. Mali ya parokia au ya klabu tunahitaji barua ya viongozi kabla ya kusaidia kuuza.

Mlioko Newala, Tandahimba, Masasi au Lindi, msikodi gari kwanza. Tuma picha za mchana: mbele, mgongo, kona moja kwa karibu, bati la tundu la kuchomekea, na ukishafungua, namba za kila spika. Picha hizo tunazitazama bila malipo, na mara nyingi zinatosha kujua kama safari ina maana. Likistahili kuja, lisafiri limesimama, limefungwa kamba na kufunikwa turubai, na kifuniko cha mgongo kirudishwe na skrubu zake zilezile.