Mbegu ilifia kwenye friza yako, usiseme uhimilishaji ni utapeli

Kuna mzee wa huku kwetu Meru kanitangaza sokoni kwamba uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume iliyogandishwa, ni utapeli. Alitaka nimpe mirija mitatu ya mbegu akaweke kwenye friza ya nyumbani, ng'ombe akiingia joto kijana wake apandishe, asinilipe usafiri wala naitrojeni ya kugandishia. Nikakataa. Akaipata kwa mtu mwingine, ng'ombe wote wakarudi joto bila kushika mimba, na sasa tunatukanwa sisi wote wa kazi hii. Kilichoniuma zaidi ni utetezi wake, eti Marekani wanagandisha watu wazima waje wafufuliwe baadaye, iweje mbegu ya dume ishindwe wiki mbili kwenye friza.

Swali hilo naulizwa sana siku hizi, acha nilijibu.

Friza yako ina nyuzi kama 18 au 20 chini ya sifuri. Mtungi wangu una naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndo hiyo hiyo wanayotumia Alcor, shirika linalogandisha watu waliokufa kule Scottsdale, Arizona, Marekani. Kwenye baridi hiyo seli inasimama kabisa, ndo maana dume aliyekufa zamani bado anazalisha. Kwenye friza barafu inaendelea kukua ndani ya seli na kuipasua, na ikishapasuka hata ukairudishe kwenye mtungi imekwisha hiyo. Tena mbegu haigandishwi hivi hivi, inachanganywa na gliserini, dawa ya kuikinga seli na barafu, Waingereza waligundua mwaka 1949. Seli ni ndogo, dawa inaingia kote. Mwili wa mtu mzima dawa haifiki kote sawasawa, kwa hiyo mpaka leo hajafufuliwa hata mmoja. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Minnesota walipooza figo za panya mpaka zikawa kama kioo bila barafu, wakazirudisha, wakazipandikiza na zikafanya kazi. Mimi watafiti hao siwabezi hata kidogo, huko ndo pa kuanzia.

Ila gharama kubwa iko kwenye kutunza. Naitrojeni inapungua kila siku hata usipofungua mtungi. Kule Chatsworth, California, walikohifadhi watu waliogandishwa, ndugu waliacha kulipa, naitrojeni ikakatika, miili tisa ikaoza chini ya ardhi na kesi ikaenda mahakamani. James Bedford, mtu wa kwanza kugandishwa hivyo, Januari 1967, bado yupo kwenye baridi, maana familia yake ilimgharamia miaka na miaka. Alcor wanataka zaidi ya dola 200,000 kwa mwili mzima, na sehemu kubwa ya hela hiyo ni ya kumtunza mtu miaka yote ijayo.

Sasa mimi nikichaji naitrojeni mnasema ghali! Kikatiti nilimkuta kijana kainua kikombe cha mirija juu ya shingo ya mtungi, anatafuta jina la dume huku anaongea na simu, joto linaipiga, yaani mirija ile yote mimi nisingeigusa. Huyo bei yake ni nusu ya yangu, sawa, lakini ng'ombe asiposhika unangoja siku 21 nyingine, unamlisha bure na maziwa yanasogea mbele.

Ukimwona ng'ombe asubuhi anasimama akipandwa na wenzake nipigie hapo hapo, jioni nitakuja. Kabla sijatoa mrija nitachovya kijiti mbele yako uone naitrojeni imefika wapi, na maji ya kuyeyushia tutapima pamoja, nyuzi 35 mpaka 37. Ukikuta mtungi mkavu usinilipe hata mia.