Kwa Espérance, juu ya Mizani

Lubumbashi, Katuba

Espérance dada yangu,

Jambo sana. Watoto hawajambo? Na shemeji, amepata nafuu ya mgongo? Sisi tuko wazima, ila mvua imeangusha ukuta wa choo na gunia la makala limepanda bei tena. Najua nimekaa kimya tangu kilio cha shangazi yako, na nisamehe kwa hilo. Leo nina jambo moja linaloninyima usingizi, na wewe ndiwe wa kunisaidia.

Nilikuambia naandika hadithi ya Lubumbashi ya miaka mia ijayo, mji unaoongozwa na akili bandia. Nimeiita Mizani. Ndiyo inayogawa umeme, maji, viwanja na nafasi za masomo. Haina ndugu wa kumpendelea, haili hongo ya matabishi, na delestaje, kule kukatiwa umeme, imekuwa neno la wazee. Kurasa za mwanzo zilikuja mbio, kwa sababu nilikuwa naandika hamu yangu mwenyewe. Tulikuwa tumekaa siku nne gizani, samaki wote wa Mama Chantal wameoza.

Binti wa kaka yangu alisimama nyuma yangu akisoma, akaniuliza: "Tantine, kwa nini isianze sasa?" Akanikumbusha wale roboti wa alumini waliotengenezwa na mhandisi wetu Thérèse Izay, waliosimama njia panda za Kinshasa tangu 2013, kisha huku kwetu pia. "Roboti hakumwomba Papa pesa kama polisi." Ni kweli. Niliona kwa macho yangu dereva anayebishana na kila polisi akitulia mbele ya mkono wa chuma na taa nyekundu. Nilifurahi siku ile, na sijutii. Lakini roboti yule ana maneno mawili tu, simama na pita. Mizani inaamua nani atalala wapi.

Hapo ndipo nilipokwama, wiki ya tatu sasa. Katika hadithi, bibi mmoja wa Kenya, kartie ya hapa mjini, anaambiwa ahame lupango lake, kiwanja cha nyumba yake, barabara ya wagonjwa ipite. Anaenda kuuliza. Mizani inamjibu kwa heshima, kwa Kisanga, lugha ya mama yake, inamwonyesha hesabu yote, na hesabu ni sahihi. Bibi anasimama pale. Mimi nasimama naye, kalamu mkononi.

Ndipo nikamkumbuka papa yako, enzi zake za ushefu wa kartie. Usiku ule Mama Kalenga alipokuja na kanga moja begani, akamfokea chini ya mwembe tangu bukari ya jioni hadi majogoo, kisa mpaka wa lupango. Sisi tulikuwa tunachungulia dirishani. Papa yako aliudhika, akanyamaza, akaingia ndani, akatoka tena. Asubuhi alichukua kamba akaenda kupima upya, na mpaka ukasogea hatua mbili. Hakuwa malaika, wewe unajua zaidi yangu. Ndugu zake walipata viwanja vizuri. Ila Mama Kalenga alijua mlango wa kwenda kupiga kelele, na aliyekuwa ndani ya mlango ule alikuwa mtu anayeweza kukosa usingizi kwa ajili yake. Nimetafuta mwembe wa Mizani, sijauona.

Kile kitabu cha Kifaransa tulichoazimana masomoni, kisicho na jalada, kimo kichwani mwangu bado. Hadithi ya mwisho ya kitabu hicho, mwandishi Isaac Asimov aliitoa mwaka 1950: mashine nne zinaongoza uchumi wa dunia yote, kila moja na eneo lake, na Afrika imo katika eneo la tropiki. Makosa madogo yanatokea, huku uzalishaji unachelewa, kule mtu anapoteza cheo. Mwishoni tunaelewa kwamba makosa yale ni ya makusudi: wanaozipinga mashine wanasogezwa pembeni taratibu, kwa faida ya wanadamu wote. Mmoja anasema ni jambo la kutisha, Susan Calvin, mtaalamu wa roboti katika hadithi ile, anajibu huenda ni la kupendeza. Nilipokuwa msichana nilikuwa upande wa Susan. Sasa namfikiria yule aliyepoteza cheo. Anarudi nyumbani, mke anamuuliza kumetokea nini, naye hajui. Hatajua kamwe. Hilo linaniuma kuliko adhabu yenyewe.

Na wewe uko Kolwezi, mji wa migodi, malori yanapita mbele ya mlango wako. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ya betri, inachimbwa nchini mwetu. Hata Mizani ya kweli ikija, huenda mwili wake utatoka hapo kwenu, na sijui kama kuna atakayekuja kumuuliza mtu wa Kolwezi iamue vipi... nitarudi kwa hili siku nyingine, karatasi inakwisha.

Daftari nampa dereva wa shemeji, anaondoka Jumamosi. Lisome lote, usinionee huruma. Bibi aseme nini? Akubali hesabu, au akae palepale kwenye lupango lake? Na ungekuwa wewe, umeme ukiwaka kila siku, ungehama? Muulize na papa yako: alipoingia ndani usiku ule kabla ya kutoka tena, alikuwa anafanya nini humo? Mama Kalenga yuko hai bado? Na utakuja lini?

Wako,
Béatrice