Bagi la kujiundia: fremu ndiyo ya kukagua kwanza

Mhariri,

Magazeti yanapochapisha picha za mabagi yaliyoundwa uani, yale magari ya fremu ya paipu yanayokimbizwa kwenye mchanga na makorongo, maelezo hujaa injini. Msomaji ataambiwa imetoka kwenye pikipiki gani na inakimbia kiasi gani. Fremu, ambayo ndiyo itakayoamua kama dereva atatoka mzima gari likipinduka, hupewa neno moja: mabomba. Naomba nafasi niseme kwamba zana za bei nafuu zinatosha kuunda fremu imara. Grinda, drili, tupa, futi, klampu na mashine ndogo ya kuchomelea hufanya kazi yote. Visivyokubali ubahili ni viwili tu: aina ya paipu na mpangilio wake. Ukikosea hapo, hata mchomeleaji hodari hawezi kukuokoa.

Nianze na bomba la maji, kwa sababu ndilo linalowavuta wengi. Bomba hilo hutajwa kwa ukubwa wa tundu la ndani. La "inchi moja" lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na ushei, hivyo vipimo vya fremu ulivyopanga vinapotea kabla hujaanza. Limetengenezwa kubeba shinikizo la maji. Kupindwa na kugongwa si kazi yake, na mara nyingi limepakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku huohuo, na mshono unabaki na vitundu ndani. Nunua paipu ya chuma laini isiyo na mshono, iliyovutwa ikiwa baridi, au angalau paipu ya miundo yenye unene sawasawa pande zote. Kwa kulinganisha, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hutaka paipu isiyo na mshono yenye nguvu ya kuhimili kuvutwa isiyopungua 350 N/mm². Tao kuu nyuma ya dereva liwe la milimita 45 kwa 2.5, yaani kipenyo cha nje kwa unene wa ukuta, au 50 kwa 2, na sehemu nyingine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Bagi la kuchezea uwanjani si lazima lifuate kanuni za mashindano, lakini namba hizo ni kipimo kizuri cha kujihoji.

Wengi wanadhani ukuta mnene ndio usalama. Hesabu inasema vingine. Uzito wa mita moja ya paipu, kwa kilo, ni kipenyo cha nje ukitoa unene, mara unene, mara 0.02466, vipimo vikiwa katika milimita. Paipu ya 38 kwa 2.5 ina kilo 2.19 kwa mita, na ya 32 kwa 3 ina kilo 2.15. Uzito karibu ni uleule, lakini ile ya 38 ina ukakamavu wa kutopinda zaidi kwa asilimia 50 hivi. Kipenyo ndicho kinacholeta ukakamavu, unene unaleta uzito zaidi. Fremu inayomeza mita 35 za paipu ya 38 kwa 2.5 itakuwa na kilo 77 kabla ya kuongeza hata pleti moja.

Kabla ya kukata chochote, mweke dereva mahali pake. Kiti, pedali na usukani vipangwe sakafuni, dereva akae na kofia ngumu kichwani na mikanda imefungwa, ndipo mistari ya kizimba, yaani paipu zinazomkinga gari likipinduka, ichorwe kumzunguka. Katika mashindano ya wanafunzi wa uhandisi ya Baja SAE, kofia lazima iwe mbali na kizimba kwa milimita 152, na viungo vingine vya mwili kwa milimita 76. Anayeanza na fremu halafu akamtafutia dereva nafasi huishia na paipu juu ya paji la uso.

Kisha unda mfano mdogo wa moja kwa kumi kwa vijiti na gundi. Ushike mbele na nyuma, uusokote kwa mikono. Pale unapolegea ni pembenne isiyo na mshazari. Pembenne husukumika ikalala upande hata viungo vyake viwe imara namna gani, lakini pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja ukatike au ujikunje. Kanuni ya pili inayotokana na hiyo ni kwamba kila mahali saspensheni inaposukuma, yaani miguu ya mikono ya chini na ya juu inayoshika magurudumu na vichwa vya shokabsoba, pawe ni kifundo ambapo paipu tatu au zaidi zinakutana. Mguu wa mkono wa saspensheni uliochomelewa katikati ya paipu ndefu ndio ufa wa kwanza utakaouona, na hautachelewa.

Kuhusu kupinda nitasema machache. Mashine ya kupindia mabomba ya maji ina viatu vyenye ukubwa wa mabomba hayo, haikamati paipu ya miundo ubavuni, kwa hiyo paipu inabonyea. FIA hutaka nusu kipenyo cha pindo isipungue mara tatu ya kipenyo cha paipu, na kwenye sehemu iliyopindwa uwiano kati ya upana mdogo na mkubwa usishuke chini ya 0.9. Paipu yenye mshono ipindwe mshono ukiwa ubavuni, mahali pasipovutwa wala kubanwa sana. Anayejaza mchanga ili paipu isibonyee ahakikishe ni mkavu kabisa, maana mchanga wenye unyevu ukipashwa moto ndani ya paipu iliyozibwa hulipuka kwa mvuke. Ushauri wangu ni rahisi zaidi: matao mawili ya kizimba yapeleke kwa mwenye mashine halisi, kila tao liwe paipu moja isiyounganishwa, na sehemu zote zilizobaki ziwe paipu zilizonyooka.

Paipu zilizonyooka zinahitaji midomo iliyokatwa vizuri, na hapo grinda inatosha. Kwa paipu mbili za milimita 38 zinazokutana kwa pembe mraba, chora mstari wa katikati pande mbili za ncha, kisha kata mara mbili, kila mkato ukiinama nyuzi 28 hadi 30, ikutane kwenye mstari huo. Mdomo utaingia ndani milimita 10 hivi. Malizia kwa tupa ya nusu duara mpaka paipu ikae bila kushikiliwa. Pembe za mshazari zinataka karatasi: chora umbo la mkato, zungushia paipu, fuata kalamu. Mwanya usizidi milimita moja. Mwanya wa milimita 3 hujazwa kwa kurundika madini ya kuchomelea, moto unazidi, paipu inavutwa upande huo, na pembeni mwa mshono chuma kinakuwa kikavu na chepesi kupasuka. Nyufa nyingi za fremu za nyumbani zinaanzia kwenye uvivu wa tupa.

Kitanda cha kuundia kinaweza kuwa mihimili miwili ya chuma iliyosawazishwa kwa mpira wa maji. Sakafu ya chini ijengwe hapo kwanza, ishikizwe kwa nukta za kuchomelea tu, nne kwa kila kiungo, halafu pima mishazari miwili kutoka pembe hadi pembe. Ikitofautiana zaidi ya milimita 3, kata nukta urekebishe sasa. Ubavu wa kushoto uundwe juu ya ule wa kulia ili ufanane nao. Fremu nzima isimame kwa nukta, magurudumu yapachikwe, usukani ugeuzwe mpaka mwisho pande zote, saspensheni ipandishwe na kushushwa, dereva aingie na kutoka. Baada ya hapo ndipo mshono kamili unaanza, na usifuatane. Choma kiungo cha mbele kushoto, nenda nyuma kulia, rudi juu, maana kila mshono unapopoa huivuta paipu upande wake. Anayemaliza ubavu mmoja kabla ya kugusa mwingine hupata bagi linalotembea kimshazari.

Mashine ya waya yenye gesi na waya wa milimita 0.8 ndiyo rahisi kwa ukuta wa milimita 2.5. Ukitumia waya usiohitaji gesi, badilisha nyaya za mashine ili tochi iwe hasi. Wengi huiacha chanya, wakapata cheche nyingi na mshono unaokaa juu bila kuingia. Mashine ya vijiti nayo inafaa: kijiti cha E6013 cha milimita 2.5 kwa ampea 70 hadi 80, kijiti kikiwa hasi ili kisitoboe. E7018 hutoa mshono mgumu zaidi kuvunjika, ila kikishika unyevu huingiza hidrojeni inayopasua, kwa hiyo asiye na mahali pa kukikausha kwa joto akiache. Zungusha fremu ili uchome kwa kulala kila inapowezekana. Kuchoma ukuta mwembamba kwa kupanda ndiko kunakoacha mashimo.

Toboa tundu la milimita 3 ndani ya kifundo kwa kila paipu itakayozibwa pande zote. Hewa iliyopata joto bila pa kutokea hupuliza mshono wa mwisho ukiwa bado majimaji, nawe utalaumu mashine. Na usisage mishono ili ing'ae. Unaondoa nguvu kwa ajili ya picha. Kabla ya kugusa fremu yenyewe, choma vipande viwili vya paipu ileile kwa mipangilio ileile, kibane kimoja kwenye jiliwa, ukipige kwa nyundo nzito. Paipu ikikunjika na mshono ukabaki, endelea. Mshono ukiachia, au ukikata kipande ukaona mstari mweusi kati ya mshono na chuma, ongeza ampea au punguza mwendo, kisha jaribu tena.

Masikio ya kufungia mikono ya saspensheni yawe ya pleti ya milimita 5, mawili kwa kila mkono, bolti ikishikwa pande zote mbili. Bolti ya M12 ya daraja la 8.8 inatosha magari mengi mepesi mradi sehemu isiyo na nyuzi ndiyo inayopita kwenye masikio. Bolti inayopita ndani ya paipu ya fremu iwe na kipande cha paipu ndogo kilichochomelewa humo, la sivyo ukikaza unaibonyeza paipu na bolti inalegea tena baada ya mwendo mfupi.

Sasa maboresho, ambako ndiko fremu nyingi zilizoanza vizuri huharibikia. Mtu anaweka shokabsoba ndefu na matairi makubwa kwenye fremu ileile. Tairi kubwa ni wenzo mrefu zaidi kwenye kila sikio la usukani na saspensheni. Shokabsoba ngumu inahamisha pigo lote hadi kifundo cha juu, ambacho mara nyingi ni paipu moja ya mlalo iliyofungwa kwa haraka. Hapo weka mishazari miwili inayoshuka hadi sakafu ya fremu kabla ya kufunga shokabsoba mpya. Hakikisha pia mpira wa kuzuia unagusa kabla shokabsoba haijafunga chuma kwa chuma. Bila huo, kila shimo ni nyundo kwenye fremu.

Nyufa zitafute baada ya matembezi ya mwanzo na baada ya kila kipigo kikubwa. Safisha kiungo, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kikauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari kwenye chaki. Ukiuona ufa, usichomee juu yake. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ili usiendelee, saga mfereji mpaka chini, jaza, na ujiulize kwa nini umetokea hapo. Kubandika pleti nene huuhamishia ufa ukingoni mwa pleti, kwa sababu paipu inapinda pale ugumu unapoishia ghafla. Pleti ya pembe iwe ya milimita 3, ncha zake zichongwe ziwe nyembamba, na mshono usikatishe paipu kwa upana kwenye ncha hizo. Paipu inayorefushwa itiwe paipu ya ndani inayoingia angalau mara mbili ya kipenyo kila upande, ichomewe kupitia matundu ya ubavuni pamoja na pale paipu mbili zinapokutana.

Ukichomelea fremu yenye injini, ondoa nyaya za betri na vifaa vya umeme kwanza. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchoma, maana mwale wa kuchomelea huigeuza kuwa fosijeni, gesi inayoua kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo ninaomba, Mhariri, mnapochapisha bagi lijalo mwandishi aulize kipenyo na unene wa paipu, aulize kama tao la nyuma ni kipande kimoja, na mpiga picha alipige likiwa limevuliwa mabati, kwa karibu, pale shokabsoba ya nyuma inapoishia kwenye fremu.

Fundi wa fremu na msomaji wa gazeti hili