Kuhusu hilo somo la sanaa za maonyesho

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mvumi. Huku hatujambo, uwele umeshaingia ghalani, na bibi yako anauliza likizo ni lini.

Barua yako nimeisoma. Unataka kuchukua sanaa za maonyesho, na unahofia nitakataa. Sikatai, mama. Aliyekuja juu ni baba yako mdogo: eti tunalipa ada mtoto akajifunze kuchekesha watu! Yeye akisikia igizo anawaza zile komedi za kwenye simu, mtu kavaa suruali inayompwaya na kujipaka masizi. Nilimwacha aseme mpaka akachoka.

Mimi nawaza tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969. Kwenye historia tulikariri kwamba Vita vya Maji Maji vilianza 1905 vikaisha 1907, basi. Tulipoiigiza ile tamthiliya darasani ndipo nilipomwona Kinjeketile mwenyewe kama mtu: yuko kifungoni, anapigwa, anatakiwa akiri kuwa maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa mwenyewe ana mashaka nayo, maana akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa baba zao walikosea kupigana. Hilo sijalisahau, na hesabu za logi nimezisahau zote.

Halafu wewe ni binti, na mbele ya wageni hufungui mdomo. Mwaka 1996 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Profesa Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitaja wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Jambo ambalo mtoto hathubutu kumweleza mkuu wa shule uso kwa uso, analisema akiwa ndani ya mhusika, na mkuu amekaa pale anasikiliza.

Wala usidhani unakwenda kuanza na kitu kigeni. Bibi yako umemwona kwenye muheme, ngoma yetu ya wanawake wa Kigogo: ngoma kaibana mapajani, mikono inapiga, anaimba, na jicho liko kwa wenzake asipitwe na zamu. Sauti yake inatoka tumboni, ndiyo maana haikauki. Mwalimu akikwambia upumue kwa tumbo, mkumbuke yeye.

Hesabu usiiache, hilo hatujadiliani. Na usikimbilie kuwa mhusika mkuu kila mara. Jifunze pia kuandika, mavazi na taa, kwa sababu watu wa kazi hizo hutafutwa na ni wachache.

Sasa nenda kwa mwalimu wa taaluma, umuulize kama shule yenu inasajili watahiniwa wa somo hilo kwenye mtihani wa taifa, au ni klabu ya jioni tu. Muulize pia mtihani wa vitendo unafanywaje. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana kama hawasajili itabidi nianze kukutafutia uhamisho mapema.

Baba yako