Kilomita moja ya Sesriem si kilomita moja ya barabara ya Kipushi, kwetu Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi iliyopita uliwakumbusha wakazi wa Lubumbashi wanaoteremka Walvis Bay, Namibia, kufuata magari na mizigo kwamba, katika jangwa la Namib, kusini-mashariki mwa bandari ile, kuna korongo la Sesriem. Kwa hilo asante. Wengi hufika bandarini, hulala siku nne wakingoja karatasi, kisha hurudi mpakani Kasumbalesa bila kuona kitu zaidi ya makontena. Ila mwandishi wenu aliweka sentensi mbili zinazoweza kumlaza mtu hospitalini. Moja inasema kwamba, kwa kuwa njia ni ya kilomita moja tu, msafiri afike saa yoyote apendayo. Nyingine inasema chupa moja ya maji inatosha. Sisi tunaotembea makorongo yale na kuwaongoza wengine tunaomba nafasi ya kuzisahihisha.

Kabla ya hayo, picha. Lile bonde pana mlilochapisha, lenye mto unaojikunja chini kabisa, si Sesriem. Ni korongo la mto Fish, kusini kabisa mwa Namibia karibu na Afrika Kusini, lenye urefu wa kilomita 160 hivi na kina kinachofika mita 550. Kule hakuna matembezi mafupi ya kushuka: njia ya ndani ni ya kilomita 85 hivi, siku nne au tano, hufunguliwa kuanzia tarehe 1 Mei hadi 15 Septemba tu, na bila cheti cha daktari huruhusiwi kuianza. Kushuka na kupanda siku hiyo hiyo kumekatazwa. Mgeni wa siku moja hutazama kutoka ukingoni, karibu na kambi ya Hobas, basi. Msomaji aliyeiona picha ile akaja na watoto Sesriem atadhani amedanganywa, na aliyesoma habari za Sesriem kisha akajaribu kuteremka Fish River kwa viatu vya mjini atakuwa amedanganywa kweli.

Sesriem imo katika hifadhi ya taifa ya Namib-Naukluft, parke yenye karibu kilomita za mraba 50,000. Kutoka Walvis Bay ni zaidi ya kilomita 300, nyingi zikiwa za changarawe: barabara ya C14 mpaka kijiji kidogo cha Solitaire, halafu C19 na C27. Hesabu saa tano, usihesabu tatu. Na tuseme wazi jambo ambalo makala yenu ililiruka: gari ulilolinunua bandarini, ambalo liko safarini kwa hati za forodha, halina ruhusa ya kwenda kutalii. Lina njia yake na siku zake. Liache lilipo, ukodi jingine au ujiunge na gari la wageni. Tena magari mengi yatokayo melini huwa na mapine (matairi) yaliyokaa muda mrefu bila kutembea, na changarawe yenye mawe makali huyapasua ubavuni. Atakayeendesha mwenyewe awe na mapine mawili ya akiba, asipite kilomita 80 kwa saa, asifunge breki ghafla kwenye kona. Wageni wengi wanaoumia katika barabara zile hawagongani na mtu. Gari huteleza kwenye kokoto na kupinduka lenyewe. Kumbuka pia kwamba Zambia na Namibia wanapita kushoto. Mafuta jaza Walvis Bay, ongeza Solitaire, maana katikati hakuna kituo, na simu hukaa muda mrefu bila mtandao.

Sasa korongo lenyewe. Kibali cha parke unalipia ofisini penye geti la Sesriem, kisha unafuata njia ya changarawe ya kilomita nne na kitu mpaka maegesho. Ukiwa pale juu huoni chochote. Ardhi ni tambarare, mawe na vijiti, hadi unapokaribia ukingo ndipo unaona kwamba nchi imepasuka. Ndiyo maana watoto washikwe mkono tangu garini: hakuna ukuta wala kamba. Jina ni la Kiafrikana, ses ni sita na riem ni ukanda wa ngozi, kwa sababu wasafiri wa zamani walifunga kanda sita, mmoja kwa mwingine, ili ndoo ifike majini. Penye kina zaidi kuta zina mita 30 hivi.

Unashuka kwa njia ya mawe iliyokatwa kama ngazi, dakika tano hivi, unajikuta kwenye mchanga wa mto Tsauchab. Hapo chagua. Ukifuata upande mto unakotoka, kuta zinakaribiana, mahali pengine zimeachana kwa mita mbili tu, na mwisho kuna bwawa ambalo mara nyingi huwa na maji hata miezi baada ya mvua. Ukifuata upande mto unakoelekea, korongo linapanuka, mchanga unakuwa mwingi, kivuli kinapungua. Kwa maoni yetu mwenye muda mfupi aende bwawani na kurudi. Kwa mwendo wa kutazama ni dakika arobaini hivi, na uzuri wote uko huko. Maji yale usinywe.

Kuta zitazame kwa karibu: si mwamba mmoja. Ni kokoto za mviringo na mchanga vilivyoletwa na mto mamilioni ya miaka iliyopita, vikashikwa na chokaa kama zege iliyomwagwa vibaya. Watu wa migodi wataelewa haraka. Kwa sababu hiyo ukuta haupandwi. Jiwe unaloshika linaonekana imara, ukilitegemea uzito wako linachomoka, na lililo juu yake linafuata. Vijana wanaopanda ili wapigwe picha huanguka kwa namna hiyo, au humwangushia mawe aliye chini. Wala usitie mkono katika mashimo ya ukutani. Nyoka na nge hupenda kivuli kama wewe.

Kati ya Januari na Aprili kuna hatari ambayo mtu wa Katanga haitegemei. Kwetu mvua ikija unaiona, inakunyeshea kichwani. Tsauchab hutoka milima ya Naukluft, na mvua inaweza kunyesha huko mlimani wakati juu ya korongo mbingu ni bluu tupu. Maji hufika yakiwa yamebeba udongo na magogo, na penye mita mbili hakuna pa kukimbilia. Katika miezi hiyo uliza getini kama mlimani kumenyesha. Ukiwa chini ukaona maji yaliyokuwa yametulia yanaanza kutembea, au yamegeuka rangi, panda ngazi papo hapo. Usirudi kuchukua mfuko.

Kuhusu saa. Saa za Namibia na za Lubumbashi ni zilezile, lakini Sesriem iko mbali magharibi na kusini zaidi, kwa hiyo jua lake huchelewa. Mwezi wa 6 huchelewa kwa zaidi ya saa nzima: huchomoza baada ya saa 1 na nusu asubuhi. Aliyezoea kuamka na mwanga wa Lubumbashi ataganda getini, na baridi ya alfajiri ya jangwani inakaribia kugandisha maji. Geti la nje hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama. Wanaolala ndani ya geti huruhusiwa kutoka mapema zaidi, na hiyo ndiyo sababu moja ya maana ya kulipia kambi ya ndani.

Mpango unaofaa ni kwenda kwenye vilima vya mchanga alfajiri, kupumzika kivulini tangu saa 5, kisha kuingia korongoni kuanzia saa 10 alasiri, kuta zinapokuwa zimefunika njia. Kwenda korongoni saa 6 au 7 mchana ni kosa ambalo makala yenu, kwa kusema saa yoyote, iliruhusu. Saa hiyo jua liko juu kabisa, linaingia moja kwa moja, na mawe hurudisha joto pande zote mbili. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa yenyewe inaweza kupita digrii 40, na uso wa mchanga unaweza kupita 60. Mtoto mwenye kandambili ataunguzwa nyayo kabla baba yake hajafunga mlango wa gari.

Mkiandika tena, msisahau Deadvlei, lile bonde la miti iliyokufa, maana iko katika kibali hichohicho. Hapo ndipo hesabu ya kilomita inapowadanganya watu zaidi. Vitabu vya wageni husema kutembea kwenda Deadvlei ni kilomita 1 na kidogo, na ni kweli, ila kilomita hiyo huanzia maegesho ya pili. Lami kutoka getini ina kilomita 60, inaishia maegesho ya kwanza. Kati ya maegesho haya mawili kuna kilomita kama tano za mchanga mtupu. Gari dogo halipiti. Kuna magari ya kubebea wageni kwa malipo, lipa. Anayeona uchungu wa pesa akaamua kwenda kwa miguu amegeuza matembezi ya kilomita mbili kuwa ya kilomita kumi na mbili, nusu ya kurudia ikiwa ni ya jua kali. Mwenye gari la magurudumu manne yanayosukuma apunguze upepo wa mapine mpaka bar 1.2 hivi, asisimame katikati, na akizama asikanyage mafuta: kila mzunguko wa gurudumu unachimba kaburi. Ateremke, aondoe mchanga kwa mikono, arudi nyuma kwenye alama zake mwenyewe. Akifika lami ajaze upepo tena kabla ya kukimbia, maana pine laini kwenye lami huchemka na kupasuka.

Deadvlei ni sakafu ya udongo mweupe iliyozungukwa na vilima vyekundu, na juu yake imesimama miti ya migunga iliyokufa miaka 600 hadi 700 iliyopita. Mchanga uliuzuia mto, miti ikakosa maji, na hewa ni kavu mno hata haiozi. Usiishike wala kuiegemea. Kilima kikubwa kinachoitazama, Big Daddy, kina mita 325 hivi. Hicho si matembezi mafupi hata kidogo. Katika kilima chochote pita kwenye mgongo wake, si ubavuni, na ukanyage alama za aliyetangulia, kwani mchanga uliokwisha kushindiliwa haukurudishi nyuma. Alfajiri mchanga ni mgumu, saa 4 umelegea. Funga suruali juu ya viatu, na kamera iweke katika mfuko wa plastiki.

Maji: lita 2 mgongoni kwa kila mtu kwa asubuhi moja, hata kama njia ni ya dakika arobaini, na garini lita 5 kwa mtu kwa siku. Kule jasho hukauka kabla hujaliona, ndiyo maana mtu husema hajatoka jasho, hana kiu, huku kichwa kinaanza kumgonga. Kichefuchefu, miguu kukaza, maneno kuchanganyika: huyo mwingize kivulini, mloweshe nguo na shingo, mpe maji kidogo kidogo. Mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi ni bora kuliko soda. Akiwa amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni. Mpoze kwa maji na mfikisheni getini. Chakula kiwe chepesi, kalanga zenye chumvi na machungwa. Bukari (ugali) mtakula jioni.

Kwa wenye haraka, C14 hukatiza bonde la mto Kuiseb, na kusimama barabarani kutazama hakuhitaji kibali. Kuacha barabara kuu na kuingia ndani kunahitaji, na kibali hupatikana Walvis Bay. Ni mahali pa robo saa. Wanajiolojia wawili wa Kijerumani, Henno Martin na Hermann Korn, walijificha huko zaidi ya miaka miwili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo tunawasamehe wanaotaka kukaa zaidi.

Tunaomba basi, Bwana Mhariri, mchapishe masahihisho matatu katika toleo lijalo, mahali palepale palipotoka makala: picha ni ya Fish River, saa za korongoni ni alasiri, maji ni lita mbili. Msimu wa baridi umekaribia na watu wameshaanza kupanga safari.

Watembeaji wa mwisho wa juma,
Lubumbashi