Risala ya Wafugaji kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kung'oa Gugu Karoti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na vijiji, wazee wetu malaigwanani, mabibi na mabwana,

Karibu sana Kisongo, Arusha.

Mheshimiwa, ng'ombe hapendi gugu karoti, hili gugu vamizi la malishoni, na hapo ndipo shida inapoanzia. Anakula majani ya pembeni, gugu analiacha linatawala. Tena gugu hili hutoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota. Mvua zikianza, wiki chache tu limeshatoa vile vimaua vyeupe, na mche mmoja uliokomaa waweza kumwaga mbegu zaidi ya 10,000. Kiangazi ng'ombe akilila kwa njaa, maziwa huwa machungu na mnunuzi anarudisha ndoo. Sisi wenyewe tunawashwa mikono na shingo, na wenye pumu likichanua hali zao ni mbaya.

Tunaling'oa na mizizi yake, ardhi ikiwa na unyevu, kabla halijachanua. Kufyeka tumeacha, maana huchipua upya kwenye kisiki. Lililowahi kuchanua linachomwa papo hapo; ukilibeba, unapanda njia nzima. Na alalili, yale malisho ya ndama, tumeifunga mpaka nyasi zifunike udongo, kwani gugu hili hupenda ardhi tupu. Kuifunga kulileta maneno mengi kikaoni, tusikufiche, lakini wazee walisimama imara.

Kinachotuvunja moyo kipo kando ya barabara. Sisi tunasafisha malisho, malori ya mchanga na kifusi yanaleta mbegu, greda likipita linazisambaza. Eneo la hifadhi ya barabara halina mfugaji, basi halina wa kung'oa.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, na kama litapatikana moja tu basi liwe hili, ni kando ya barabara kusafishwa wiki ileile tunayosafisha sisi, mwanzo wa vuli na mwanzo wa masika. Tunaomba pia glovu na barakoa, hasa kwa akina mama, ambao ndio wengi kwenye kazi hii. Wengine wanavaa mifuko ya plastiki mikononi. Vilevile wataalamu waje watueleze habari za Zygogramma, mdudu anayekula majani ya gugu hili, ambaye Afrika Kusini na Ethiopia wameshamwachia, tujue kama huku kwetu anafaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.