Barua kwa mwanangu: ulizia njia ya pili

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako nimeupata, kwamba mnaondoka na kikosi chenu cha jeshi Jumatatu na kwamba umepangwa upande wa chakula. "Stoo tu, mama." Hiyo "tu" ndiyo imenifanya nishike kalamu. Tangu nisikie taarifa ya habari ya Kongo silali vizuri, na wewe unanung'unikia kazi ambayo imewashinda majenerali.

Nakuuliza: huko mnakokwenda kuna njia ngapi za kuingia na kutoka? Usiniambie ni siri. Sitaki kujua mimi, nataka ujue wewe.

Wewe unapenda habari za mashujaa, basi soma vita vya Huaihai, China, vilivyoanza Novemba 6, 1948 na kuisha Januari 10, 1949. Chiang Kai-shek, mtawala wa China wakati huo, alikuwa na ndege, vifaru na malori. Wakomunisti waliokuwa wakimpinga hawakuwa na ndege pale. Mwisho wake Chiang alipoteza watu kama 555,000, kwa hesabu ya washindi. Usidanganywe kwamba askari wake walikuwa waoga. Walipigana sana, ila walipigana wakiwa wamefungiwa.

Jenerali wa Chiang, Huang Baitao, alikuwa Xin'anzhen, mashariki ya Xuzhou. Xuzhou ndio mji wa makutano ya reli mbili. Aliamriwa arudi Xuzhou, akapoteza siku mbili akisubiri kikosi kitoke pwani. Mbele yake kulikuwa na Mfereji Mkuu, mfereji wa kupitia mashua, na daraja la kutegemewa ni moja tu, la reli. Madaraja ya muda hakujenga, ingawa nafasi alikuwa nayo. Unajua mlima wa Kitonga unavyokuwa lori moja likikatika ekseli kwenye kona. Sasa weka hapo jeshi zima, raia na mizigo yao, na adui anakuja nyuma. Novemba 8 makamanda wawili wa Chiang, He Jifeng na Zhang Kexia, ambao kumbe walikuwa wakomunisti wa siri, wakahama na askari 23,000 hivi. Ulinzi wa kaskazini mashariki ya Xuzhou ukabaki wazi, adui akapita hapo na kumkatia Huang njia. Akazingirwa Nianzhuang, kama kilomita 50 tu kutoka Xuzhou. Waliotumwa kumwokoa walisogea kidogo kidogo hadi Novemba 22, Huang akajiua.

Katikati ya hayo, Wakomunisti waliteka mji mdogo wa Suxian kwenye reli ya kusini. Vitabu vinaupita haraka. Kwangu mimi vita viliamuliwa hapo, kwa sababu baada ya Suxian, Xuzhou haikuwa tena na reli ya kuleta unga.

Ndiyo maana narudia, baba: ulizia njia ya pili. Na ukiambiwa ndege zitaleta, usikubali kirahisi. Jenerali mwingine wa Chiang, Du Yuming, alitoka Xuzhou na jeshi lake akitaka kuzunguka upande wa magharibi, Chiang akamdondoshea barua kutoka angani kwamba ageuke akamwokoe jenerali mwenzake Huang Wei, ambaye naye alikuwa amezingirwa Shuangduiji. Akageuka, akazingirwa Chenguanzhuang. Theluji ikaanguka, ndege zikashindwa kuruka. Ziliporuka, magunia mengine yaliangukia kwa adui, na yaliyoangukia ndani askari waliyagombania kwa bunduki. Wakala farasi wao.

Upande wa Wakomunisti kulikuwa na wakulima 5,430,000, wengine na mikokoteni ya gurudumu moja la mbao, wengine na miti ya kubebea begani, wengine machela. Nafaka iliyokusanywa ilikuwa kama tani 480,000, na jeshi halikuimaliza hata nusu. Wakulima hao walijitokeza kwa sababu wengi walikuwa wamegawiwa mashamba, na walijua mwenye shamba akirudi watanyang'anywa. Jembe nalo lilipigana: pale Shuangduiji askari wa Wakomunisti walitambaa usiku, kila mmoja akachimba akiwa amelala, kisha akiwa amepiga magoti, kisha amesimama, mwishowe mashimo yakaunganishwa yakawa handaki hadi mlangoni kwa adui. Mapipa ya mafuta wakayafukia kwa kuyainamisha, yakawa ya kurushia vifurushi vya baruti.

Sasa stoo yako. Hesabu kwa siku, usihesabu kwa magunia. Magunia 40 ya kilo 50 ni kilo 2,000. Watu 200 wakila nusu kilo kila mmoja, una siku 20, na ukiambiwa wageni 100 wanakuja una siku 13 na kidogo. Anayebeba naye anakula: mtu akisukuma kilo 100 kwa siku kumi kwenda na kumi kurudi, akila kilo moja kwa siku, kinachobaki ni 80. Weka mbao chini ya magunia, acha nafasi ukutani upepo upite, kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Lililolowa litenge siku hiyo hiyo, usingoje linuke. Na wakikuambia wewe ni mtunza stoo tu, nyamaza, uwaonyeshe daftari. Mwandiko wako mbaya, lakini hesabu hujawahi kunitia aibu, nami nimeshawaambia hivyo majirani, hata wale wasiouliza.

Najua nilitaka ualimu. Hayo yamepita.

Mahindi ya Ilula yamekauka vizuri, ila bei ya dalali hairidhishi, nasubiri. Bati la jikoni baba yako amelipigilia tena, misumari ile ile, utaliona mvua zikija. Kabla hamjaondoka nijibu hilo la njia, hata kwa neno moja: ipo au haipo. Na chaja ya mdogo wako umeondoka nayo. Mpe kondakta wa basi, ataichukua stendi ya Ipogolo.

Mama yako